Kuziba masikio si kosa la jinai

NDUGU msomaji, wewe kijana unayesoma gazeti hili umeegemea nguzo ya kijiweni, huku wenzako watatu wakichungulia begani mwako bila kuchangia hata senti, leo sitaki kuzungumzia vigogo. Vigogo wapo, mashangingi yao yapo, hayakimbii. Wiki hii nina kesi na wewe. Kesi yenyewe inanihusu na mimi, kwa hiyo usinune. Tutasimama wote kizimbani.

Mtaani kwetu, huku uswahilini Dar es Salaam, yupo kijana wa miaka 19. Jina lake nalihifadhi. Ni mrefu, ana mabega, ndevu zimeanza kuota. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mpiga debe wa kituoni. Ukimsogelea utaona anatembea kwa ncha za vidole, anachezesha vidole vyake mbele ya macho, na ukimsalimia "Mambo?" naye atakujibu "Mambo?" Hakutanii. Ndivyo alivyo. Ana usonji.

Kila asubuhi kijana huyo hutoka kwao, huvuka barabara, huenda kununua vitumbua viwili kwa mama mmoja karibu na kituo cha daladala, kisha hurudi nyumbani. Ni safari ya dakika kumi. Wewe utaiona si kitu. Mama yake aliihangaikia kwa miaka miwili. Kwanza walikwenda wameshikana mikono. Kisha wakatembea bega kwa bega. Kisha mama akawa hatua kumi nyuma. Kisha akawa anasimama kwenye kona. Mwisho akabaki mlangoni, moyo ukimwenda mbio, akihesabu dakika. Siku kijana aliporudi peke yake na vitumbua viwili mkononi, mama yule alilia.

Sasa sikiliza tulichomfanyia sisi.

Asubuhi moja kituo kilikuwa kimechafuka. Daladala tatu zinagombea abiria, makonda wanagonga bodi, bodaboda zinapiga honi, na mbele ya kibanda kimoja kumewekwa kipaza sauti kinachorudia tangazo lile lile kama kimelaaniwa. Kijana akaziba masikio. Akaanza kukimbia. Akamgonga dada mmoja, pochi ya dada ikaanguka chini. Basi. Likatoka lile neno ambalo mjini hapa ni hukumu ya kifo: "Mwizi!"

Unajua kinachofuata, usijifanye malaika. Sekunde chache tu, watu thelathini. Mmoja kamkaba shati. Mwingine anauliza, "Wewe mwizi?" Kijana akajibu, "Wewe mwizi." Watu wakachemka: "Ana jeuri huyu!" Akapigwa kofi la kwanza. Mwingine akafoka, "Sema nimeiba!" Kijana akasema, "Sema nimeiba." Umati ukashangilia: amekiri! Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza tairi liko wapi.

Na mimi nilikuwepo. Sikumpiga. Lakini nilisema kwa sauti ya kusikika, "Mbona hajibu kama mtu?" Neno hilo ni langu, silitupii kwa mwingine. Nimeishi mtaa ule miaka sita, na nilikuwa simfahamu.

Aliyemwokoa hakuwa polisi, hakuwa mjumbe, hakuwa mwandishi huyu mwenye kalamu kali. Alikuwa yule mama muuza vitumbua. Aliacha karai la mafuta motoni, akajipenyeza na mwiko wake mkononi, akapiga kelele: "Mwacheni! Huyo ni mteja wangu! Ana usonji, hawezi kujieleza, tangu lini akaiba?" Pochi ilipookotwa, haikupungua hata shilingi mia. Umati ukatawanyika kama haukuwepo, kila mtu akitazama simu yake.

Ndugu msomaji, tafakari. Kilichomtenga kijana yule na tairi ni mtu mmoja tu aliyekuwa anamfahamu. Mama angekuwa mgonjwa siku ile, asingechoma vitumbua, leo tungekuwa tunamzungumzia marehemu.

Sasa nieleze usonji ni kitu gani, maana ujinga ndio uliotufikisha pale. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana ya ukoo, si jini, si matokeo ya malezi mabaya ya mama. Si chanjo pia. Yule daktari wa Uingereza aliyeandika mwaka 1998 akihusisha chanjo ya surua na usonji, jarida lililochapa andiko lake lililifuta mwaka 2010, na leseni yake ya udaktari ikachukuliwa. Usonji ni namna ubongo unavyojengeka na kukua tangu utotoni, mara nyingi kukiwa na mchango wa urithi wa damu. Daktari Leo Kanner aliueleza kwa kina mwaka 1943, akiwa Marekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa nao. Chukua kituo chenye watu elfu moja asubuhi, piga hesabu mwenyewe. Wapo. Wengine wanaongea kama mimi na wewe, wamesoma, wana kazi. Wengine hawatamki neno hata moja. Wote ni watu.

Lile la kurudia maneno uliyomwambia, kama mwangwi wa kisimani, ni jambo la kawaida kwa wengi wao. Ukimuuliza "Wewe mwizi?" akarudisha "Wewe mwizi", hajakutukana na hajakiri. Amelishika neno lako, bado analitafuta lake. Na kutokukutazama machoni si dalili ya hatia. Kwa baadhi yao kutazamana macho kwa macho kunaumiza kama kutazama jua. Sisi tumelelewa kwamba asiyekutazama usoni ana jambo anaficha. Basi leo ujue kwamba kipimo hicho ni kibovu.

Tuje kwenye hili la masikio. Wewe ukiingia kituoni, ubongo wako unachuja kelele. Unaisikia sauti ya konda wa Mbagala kwa sababu unakwenda Mbagala, nyingine zote unazitupa. Kwa wengi wenye usonji chujio hilo halifanyi kazi hivyo. Honi, kipaza sauti, karai la mafuta, mtoto anayelia, vyote huingia kwa pamoja na kwa ukali ule ule. Wengine hali hiyo iko kwenye mwanga: taa inayomemeteka kwako ni taa mbovu, kwake ni sindano ya macho. Wengine ni kwenye ngozi: lebo ya shati shingoni inamwasha kama upupu, na mashine ya kinyozi inapita kichwani kama msumeno. Wengine ni kwenye harufu, wengine ni kwenye chakula, hali ugali kama mboga imegusana nao. Wapo pia walio kinyume chake, wanaotafuta hisia zaidi: wanaruka, wanajisukasuka, wanapenda kubanwa na blanketi zito.

Sasa yale unayoyaita uchizi, kupepea mikono, kutikisa mwili, kuziba masikio, ndiyo dawa yake mwenyewe ya kujituliza. Ukimkamata mikono ili "atulie" umemnyang'anya fimbo ya kutembelea. Na yakimzidi akalipuka, akapiga kelele au akajiangusha chini, huo si utundu wala kiburi. Punguza kelele, wape watu nafasi ya kutawanyika, usimshike bila sababu, sema naye maneno machache kwa upole, ngoja. Kofi halijawahi kuzima mlipuko huo hata siku moja.

Kuna jambo la afya ambalo wengi hawalijui, nalo linaua kimya kimya. Kijana asiyeweza kusema "jino linaniuma" atasema kwa namna nyingine. Atajigonga kichwa ukutani. Atamng'ata mdogo wake. Ataacha kula siku tatu. Nyumbani watasema shetani limempanda, watamwita mganga, watachinja kuku, na kumbe ni jino, ni sikio, ni choo kigumu cha siku sita, ni malaria. Kanuni ni moja na ni nyepesi: mwenye usonji akibadilika ghafla, apelekwe hospitali kwanza. Daktari amwangalie mdomo, masikio, tumbo na damu, ndipo yasemwe mengine. Kulala kwa shida na matatizo ya tumbo ni mambo yanayowaandama wengi wao.

Kifafa nacho kinawapata zaidi kuliko watu wengine, na kwa baadhi huanza wakati huu huu wa ujana, sauti inapokatika na ndevu kuota. Kwa hiyo ukimkuta ameanguka na mwili unatetemeka, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, angalia saa. Ikizidi dakika tano, tafuta gari haraka. Kifafa kina vidonge hospitalini. Usonji wenyewe hauna kidonge cha kuuondoa, na anayekuuzia dawa ya kuuondoa, awe na kibuyu au koti jeupe, anakuibia. Huyo ndiye mwizi wa kukimbizwa, tena kwa kupelekwa polisi.

Na hospitali zetu nazo zibadilike. Kumweka kijana wa namna hii saa nne kwenye benchi, katikati ya vilio na taa kali, kisha kumshangaa anapokimbia, si uuguzi huo. Kumpitisha mapema hakugharimu hata senti. Kumwonyesha kipimo cha presha kabla ya kumfunga mkononi kunachukua nusu dakika.

Utasema, haya yote ni ya mama yake, mimi yananihusu nini? Hapo ndipo ninapokutaka.

Taifa hili limeimba kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka ule ule Mwalimu akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kufikiri kwamba kijana mwenye usonji naye anastahili kujitegemea? Tunafikiri tuna huruma tukimfungia chumbani. Familia nyingine zinamfunga kamba kwa kuogopa atapotea, atagongwa na gari, atapigwa. Tuwalaumu? Tuliowatia hofu hiyo ni sisi wa barabarani. Kila tunapopiga kelele za mwizi bila kuuliza, tunafunga mlango mmoja zaidi kwa nje.

Kujitegemea hakuna maana ya kufanya kila kitu peke yako. Wewe mwenyewe unajitegemea kwa vile kinyozi anakujua, muuza duka anakukopesha unga, na konda anakusamehe shilingi hamsini. Mama wa kijana huyu anamfundisha kuchemsha chai kwa picha zilizobandikwa ukutani: sufuria, maji, moto, majani, kikombe. Mwanzo yeye alifanya hatua zote, kijana akamalizia ya mwisho tu, ya kumimina kikombeni. Kisha mbili za mwisho. Kisha tatu. Leo anachemsha chai ya nyumba nzima, na ole wako ubadilishe sufuria! Anajua shati la kitambaa laini, lebo imekatwa. Anajua kuoga mwenyewe. Mfukoni ana kadi yenye jina lake, neno usonji, na namba ya simu ya nyumbani. Hizo ndizo hatua, na kila hatua ina jasho.

Lakini zipo hatua ambazo mama hawezi kuzifundisha vizuri kama wewe mwanamume. Nani amfundishe kunyoa ndevu? Nani amweleze, kwa maneno mepesi na yasiyo na matusi, kwamba mwili ukibadilika hajaugua, na kwamba kuna mambo ya chumbani na kuna mambo ya barabarani? Asipofundishwa atakosea hadharani siku moja, nasi tutamwita mhuni. Wengi wao hawana baba nyumbani. Wapo akina baba walioliona jambo hili wakaondoka, wakamwachia mama mzigo na lawama. Kaka wa mtaa una nafasi hapo. Hakikisha tu nyumbani kwao wanajua na wameridhia, maana vijana hawa hudhulumiwa kwa urahisi na watu wanaojifanya marafiki.

Serikali nayo isidhani imenusurika wiki hii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri angalau asilimia 3 kutoka kundi hilo. Mwaka 2018 ikawekwa kisheria kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ikasimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Karatasi ni nzuri, wino ni mzuri. Sasa twende kwa diwani wako tumuulize: katika ile asilimia 2, ni fungu gani lilimfikia kijana mwenye usonji au mama anayemlea? Vitengo vya elimu maalumu katika shule za msingi ni vichache, na wanaobahatika kuvipata hufika siku wakaambiwa wamekua, kwaherini. Wanakwenda wapi? Wanarudi chumbani. Miaka yote ile ya mwalimu kumfundisha kufunga vifungo inaishia kwenye godoro. Hilo ni swali la kura, usilipuuze mikutano ya kampeni itakapokuja na fulana za bure.

Na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Tunazishika ibara hizo kooni pale polisi wanapotupiga mabomu ya machozi kwenye mikutano yetu. Zinatutoka midomoni pale sisi wenyewe tunapogeuka hakimu na mnyongaji kituoni. Huwezi kudai haki Jumamosi jukwaani na kutafuta tairi Jumatatu asubuhi. Mwenye kuonewa akionea naye, tofauti yake na bwana mkubwa ni gari tu.

Kwa hiyo nakupa kazi, kijana wa kijiweni, na kazi zenyewe hazihitaji mfadhili. Kwanza, mjue. Mtaani kwenu yupo, uliza kwa adabu ni nyumba gani, jitambulishe kwa mama yake. Pili, muage neno "zezeta" na ndugu zake wote, chizi na taahira; kijiwe chenu kikimwita kwa jina lake, watoto nao watamwita hivyo. Tatu, wewe konda, akiziba masikio usimcheke, mkalishe dirishani mbele. Wewe kinyozi, mwambie aje asubuhi kabla ya muziki, tumia mkasi kama mashine inamtisha, na kiti kiwe kile kile. Wewe mwenye kipaza sauti, kipunguze. Hata sisi wengine kinatuchosha. Nne, na hii ndiyo kubwa: ukisikia "mwizi!", kuwa mtu wa kwanza kusema "ngojeni". Neno moja tu. Usiseme mimi ni mmoja nitafanya nini. Mama wa vitumbua alikuwa mmoja, na silaha yake ilikuwa mwiko.

Kijana wetu alikaa ndani wiki tatu baada ya siku ile. Akisikia daladala anaingia chini ya meza. Mama yake akarudi mwanzo kabisa, kushikana mikono, kisha bega kwa bega, kisha hatua kumi nyuma. Mafundi wa karibu wakampa vikinga masikio, vile wanavyovaa wanaokata vyuma. Na kwenye ile kona ambayo mama alikuwa anasimama, sasa vijana wanasimama kwa zamu. Nami zamu yangu ni Jumanne. Si sifa hiyo, ni deni ninalilipa.

Kesho saa moja asubuhi atapita tena, na vikinga vyake kichwani, kuelekea kwenye karai. Atanunua vitumbua viwili. Ukimwambia "Mambo?" atakujibu "Mambo?", nawe uridhike, umesalimiwa.

Mwenye masikio na asikie. Na anayeyaziba, mwacheni apite.